KAZI ZA MIKONO: Kiulize Chombo Kazi Yake ya Kwanza

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakasema vilevile, usiache mbachao kwa msala upitao. Mithali hizi mbili zatazamana kama wazee wawili wasiopatana barazani, nasi juma hili twataka kuzisikiliza zote mbili, kwa kuwa habari yetu ni habari ya vitu vikuukuu: debe lililokwisha mafuta, gunia lililotoboka, tairi iliyokwisha meno, chupa isiyo na kizibo, na pipa lililosahauliwa nyuma ya karakana.

Mtu apitaye mjini Machakos siku ya soko huona mambo mawili kwa wakati mmoja. Huku huona vitu hivyo vimetupwa mtaroni, vimejaa matope na inzi. Kule huwaona mafundi wa jua kali wakivigonga na kuvikata, na jioni vimekuwa jiko, koleo, ndoo, sanduku la shule na viatu vya akala. Mali ni ile ile. Aliyeitupa alikosa maarifa, na aliyeiokota alikuwa nayo. Lakini maarifa hayo hayaishi katika kujua kukata na kugonga tu. Liko swali moja ambalo kila fundi, na kila mama mwenye nyumba, yampasa kuliuliza kabla ya kukipa chombo kikuukuu kazi ya pili, nalo ni hili: kazi yake ya kwanza ilikuwa gani? Swali hilo ndilo shauri letu la leo, na msomaji ataona kwamba lina uzito wa uhai na mauti.

UFUNDI WA TANGU ZAMANI

Kazi hii si ngeni Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Wahunzi wa Kikamba waliuvuta waya ule ukawa mwembamba, wakaukunja pete ndogondogo, wakafanya mikufu iliyowastaajabisha wageni. Na waya mwingine wakaugongomea juu ya viti vya wazee vya miguu mitatu, ukawa pambo.

Akina mama nao wana kiondo. Hapo kale nyuzi zake zilitoka katika magome ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Mkonge ulipoenea, wakausokota mkonge. Na nguo za sufu zilipofika madukani, wako waliofumua sweta kuukuu zilizotoboka viwiko, wakapata nyuzi za rangi za kupambia kiondo kipya. Sweta iliyomaliza kazi mwilini mwa mtoto wa shule ikaanza kazi nyingine mgongoni mwa mama yake.

Hata wachongaji wa Wamunyu wana somo la kutufundisha. Mutisya Munge, aliyekuwa Tanganyika zamani za Vita Kuu vya 1914 hata 1918, alijifunza huko kuchonga sanamu za kuuza, akaurudisha ufundi huo kwao Wamunyu, nao ukaenea hata ukawa riziki ya maelfu ya watu. Kwa miaka mingi wachongaji walitafuta mpingo na muhugu, mpaka miti hiyo ikaadimika. Ndipo wengi wao walipogeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Mwembe mzee usiozaa tena, ambao mwenye shamba angeupasua kuni, waweza kuwa twiga na tembo wa kuuzwa ng'ambo.

Mambo hayo yalifanikiwa kwa sababu fundi alijua asili ya kitu alichokishika. Mhunzi aliujua waya wake, na mama alijua sweta ile ilivaliwa na nani. Siku hizi vyombo vyatujia kutoka viwanda vya mbali, na macho peke yake hayatoshi. Chupa mbili za plastiki, moja ilikuwa na maji ya matunda na nyingine dawa ya kuua kupe, zikishaoshwa na kubanduliwa karatasi zake hung'aa sawasawa.

KAZI TATU NJEMA ZA NYUMBANI

Tutaje kwanza mambo ya faida, ambayo mtu yeyote aweza kuyafanya bila gharama kubwa.

La kwanza ni chupa ya kupimia mahindi. Wasomaji wa Ukambani hawakusahau mwaka wa 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi, na Machakos ilikuwamo pia. Kuvu hiyo hustawi katika mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka, na mtu hawezi kutegemea kuyauma kwa meno ili ajue. Basi twaa chupa ya kioo ya soda iliyo safi na kavu kabisa. Tia mahindi hata yafike robo au theluthi ya chupa, kisha tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Ziba, utikise kwa dakika kadhaa, uiache itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yangali na maji. Yarudishe juani juu ya turubai, wala usiyaanike juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka chini yote bila kushika, mahindi yako yafaa kuwekwa. Kipimo hiki ni chupa moja kuukuu na chumvi ya senti chache.

La pili ni pipa la kuwekea mahindi hayo. Pipa la chuma la lita 200 lenye kifuniko kipana, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba mafuta ya kupikia au maji ya matunda, lachukua zaidi ya gunia moja na nusu. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, ulianike hata likauke ndani na nje. Jaza mahindi makavu mpaka juu, ili hewa iliyosalia iwe kidogo. Washa mshumaa mfupi, uuweke katika kisahani juu ya mahindi, kisha ufunike na kukaza ukingoni kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Mshumaa hula sehemu ya hewa iliyomo, ukazimika wenyewe, na dumuzi na fukusi waliobaki hufa kwa kukosa pumzi. Pipa likae kivulini juu ya mbao, maana likipigwa na jua mchana na baridi usiku hutoa jasho kwa ndani, na jasho hilo ndilo hulisha kuvu. Tena lisifunguliwe kila siku, kwa kuwa kila ufunguapo waingiza hewa mpya. Pipa hili halina msamaha kwa mahindi mabichi: ukiyafungia humo huozea humo humo. Kwa hiyo chupa ya chumvi hutangulia, pipa hufuata.

La tatu ni shamba la gunia. Nchi yetu ya Machakos hupata mvua mara mbili kwa mwaka, nazo mara nyingi hukatika kabla ya mboga kukomaa. Twaa gunia la nailoni ambalo halifai tena kubebea nafaka. Changanya udongo na samadi iliyooza, mafungu mawili kwa moja. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lililokatwa kitako, ulijaze mawe madogo, kisha tia udongo kuzunguka kopo. Udongo ukifika ukingoni mwa kopo, livute juu, uyaache mawe mahali pake. Jaza tena mawe, zungushia tena udongo, hata gunia lijae. Hivyo utakuwa umejenga nguzo ya mawe toka chini hata juu, na maji yatakayomiminwa kileleni yatashuka kwa nguzo hiyo na kuifikia mizizi yote. Toboa matundu ubavuni, upande miche ya sukuma wiki au spinachi, na mingine juu. Gunia moja huchukua miche ishirini hata arobaini kwa kadiri ya ukubwa wake. Maji ya kuoshea mboga na mchele yatosha kulinywesha, na maji ya vyombo pia, yasipokuwa na sabuni nyingi.

Hata hapa swali letu halikosi mahali. Gunia lililobeba mbegu za kupanda zilizotiwa dawa lisitumike tena kwa chakula. Mbegu hizo hutiwa rangi nyekundu au ya waridi makusudi, ili mtu azitambue na asizile. Ukiliona gunia lina vumbi la rangi hiyo, lisibebe mahindi ya kusagwa.

VYOMBO VISIVYOKUBALI KAZI YA PILI

Sasa tuseme habari za hatari. Nyumba nyingi za wakulima na wafugaji zina mtungi wa plastiki uliotoka na dawa ya kunyunyizia mazao au ya kuogeshea ng'ombe. Mtungi huo ni imara, una mkono mzuri wa kushika na kifuniko kisichovuja, na kwa mtu anayekwenda mwendo mrefu kuchota maji ni kishawishi kikubwa. Huoshwa mara tatu kwa sabuni na mchanga, hunuswa, husemwa kuwa umesafika. Haukusafika. Plastiki hunywa dawa kidogo katika mwili wake, na ikijazwa maji huitoa tena kidogo kidogo, siku hata siku. Anayeinywa haanguki papo hapo, na kwa sababu hiyo hatambui kinachomdhuru.

Tazama chini ya karatasi ya dawa, utaona utepe wa rangi. Mwekundu ni sumu kali mno. Wa manjano huufuata kwa ukali. Kisha wa buluu. Na wa kijani ndio hafifu. Lakini hata wa kijani si ruhusa ya kuweka maji ya kunywa. Mtungi wa dawa husuuzwa mara tatu, na maji ya kusuuzia humiminwa ndani ya bomba la kunyunyizia ili yaende shambani pamoja na dawa. Kisha hutobolewa mashimo, asije mtu mwingine akaudhania mwema. Kuutoboa chombo kizima kwaonekana kama uharibifu, lakini ndiyo huruma kwa jirani.

Pipa la petroli lina hatari ya namna nyingine. Mtu huliona tupu, akalipeleka kwa fundi likatwe liwe birika la kunyweshea mifugo. Tupu ni mafuta. Mvuke wake haujatoka. Mvuke huo ukikutana na moto wa kuchomelea, au hata cheche ya patasi, pipa hulipuka kama bomba la vita, na wako mafundi waliopoteza macho na maisha kwa njia hiyo. Mafundi wenye busara hukataa kazi ya pipa wasilolijua asili yake, wala mwenye pipa asiwakasirikie. Na mshumaa tuliousema wa pipa la mahindi usithubutu kuuwasha ndani ya pipa lililowahi kubeba petroli.

Ndoo na debe lililopakwa zinki lafaa kwa maji. Halifai kwa vitu vichachu. Uji uliochacha, maziwa ya mgando, maji ya ndimu au pombe ya kienyeji huila ile zinki, nayo ikaingia tumboni ikaleta kutapika na kuumwa na tumbo. Debe hilo hilo lililokuwa rafiki kisimani huwa adui jikoni.

Tairi nayo ina njia yake. Ikikatwa kwa kisu huwa akala, kamba ya kitanda, bawaba ya lango la boma. Tairi za zamani zenye nyuzi za kitambaa zilikatika kwa urahisi; za siku hizi zenye waya za chuma humtoa fundi jasho. Basi wako vijana wanaozichoma moto ili wapate waya tu wauze kwa uzani. Moshi ule mweusi una sumu nyingi, na unaoingia vifuani mwa watoto wa mtaa mzima wapita thamani ya waya ule.

HABARI YA OWINO UHURU

Iwapo yuko msomaji anayefikiri kwamba twatia chumvi, na atazame yaliyotokea Mombasa katika kijiji cha Owino Uhuru. Mnamo mwaka wa 2007 kiwanda kilianza kazi karibu na nyumba za watu, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi iliyomo. Kwa maneno kazi hiyo ilikuwa njema: betri zilizokufa hazikutupwa, na madini yalipata matumizi mapya. Lakini moshi na maji machafu ya risasi yaliingia kijijini. Watoto waliugua, na mama wajawazito wakapata madhara. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake, na madhara hayo hayaponi.

Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliwaongoza wanakijiji kudai haki. Kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014, naye mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Goldman wapewayo watetezi wa mazingira. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamua kwamba wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwa rufani, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu ile ya kwanza. Fedha haziwarudishi waliokufa.

Twaeleza habari hii kwa sababu yako mambo kama hayo, kwa kipimo kidogo, katika karakana za miji yetu. Fundi apasuaye betri kwa nyundo ili ayeyushe risasi juu ya jiko la nyumbani anafanya yale yale yaliyofanyika Owino Uhuru. Tena wachunguzi waliopima sufuria za Kameruni zilizosubiwa kwa mabaki ya alumini waliikuta risasi ndani yake, kwa kuwa kila aina ya chuma chakavu ilikuwa imetupwa katika tanuri moja bila kuulizwa ilikotoka.

MFANO WA LAMU

Tusimalize kwa huzuni tupu. Tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake ikawekwa faini mpaka shilingi milioni nne au kifungo mpaka miaka minne. Mwaka uliofuata, huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, chenye urefu wa kama mita 9, kilichoundwa kwa tani kama 10 za plastiki zilizookotwa fukweni na mijini, na kupambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mapema mwaka wa 2019 kikasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, mwendo wa kama kilomita 500, na mwaka wa 2021 kikazunguka katika ziwa la Viktoria.

Mafundi wale walikuwa na ufundi wa majahazi walioupokea kwa baba zao, lakini plastiki haikuwa mbao, na iliwabidi waanze kujifunza tabia yake: jinsi inavyoyeyuka, inavyopinda na inavyokubali msumari. Hawakukisia. Walijaribu kwanza, kisha wakaunda, na bahari ikawakubali.

SHAURI LETU

Wazee wetu walikuwa na mwethya, yaani kundi la majirani washirikianao kazi, na ni vikundi hivyo vilivyochimba matuta ya kuzuia udongo katika vilima vya Machakos. Mwethya wa siku hizi waweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa. Kila mwezi na waketi, kila nyumba ilete vyombo vyake vikuukuu, navyo vitengwe mafungu matatu: vilivyobeba chakula, vinavyokubali kazi ya chakula tena; vilivyobeba vitu vingine visivyo na sumu, vinavyofaa kwa mchanga, mbegu za miti, kuni na mifereji ya kukinga mvua; na vya dawa, petroli na betri, ambavyo havirudi nyumbani. Chombo ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi na kiwekwe katika fungu la tatu bila majadiliano. Watoto waliokwisha kujua kusoma wasome karatasi za dawa kwa sauti ili bibi na babu wasikie.

Mwenye duka la dawa za kilimo naye asione haya kumwuliza mnunuzi: mtungi huu ukiisha utaufanya nini? Swali hilo halimgharimu kitu.

Msomaji aliye na ufundi wake wa kutumia kitu kikuukuu, na ambao ameujaribu yeye mwenyewe, na atuandikie kwa ufupi, akitaja chombo kilikuwa cha kazi gani kwanza. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kutengeneza mfereji wa kukinga maji ya paa kwa mabati kuukuu, kabla mvua za vuli hazijaanza.